Kimya cha Njia ya Bihambwe

Kwa watu wa malori wa Masisi, kimya kilikuwa habari njema kuliko zote. Desturi hiyo ilizaliwa zamani za foni, ile redio ya kuitana ambayo parokia, vituo vya afya na wafanyabiashara wakubwa walikuwa nayo kabla simu hazijapanda milimani. Foni ilikula betri, betri ilichajiwa kwa jua, na jua la Masisi linajulikana, linachungulia kidogo halafu linarudi kulala ndani ya ukungu. Basi watu wakakubaliana kwamba asiye na baya la kusema asiwashe mashine. Ukisikia kitu, ujue njia imeharibika. Usiposikia kitu, washa gari uende. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, na hakuna dereva aliyehitaji kuandikiwa.

Wivine alikuwa mtu wa foni kabla hajawa mtu wa kompyuta. Alizaliwa Walikale, msituni kabisa, na vita vya kwanza vilimtoa huko akiwa binti, amemshika mkono mdogo wake Nestor. Wazazi hawakutoka. Walipofika Masisi alimlea Nestor kwa kuosha nguo za watu, akamlipia shule, akamgombeza, akampeleka kujifunza udereva, na siku Nestor aliposhika usukani wa lori kwa mara ya kwanza Wivine alilia barabarani mbele za watu bila haya. Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Watu walipomuuliza ana watoto wangapi alijibu mmoja, na hakuona kama amedanganya.

Kwenye foni ya parokia sauti yake ilijulikana kutoka Sake mpaka Walikale. Hakujitaja jina. Akisema neno moja tu, waliokuwa upande wa pili walishajua ni nani, wakaanza kumsalimia na kumuuliza mafua yake yameisha. Foni ilikuwa hivyo, mashine ya watu wanaojuana. Mtu yeyote mwenye shida aliingia, akapewa kipaza sauti, akasema lake, akatoka.

Kisha vita vikarudi Masisi. Mnara wa simu uliokuwa juu ya kilima ukakosa mafuta ya jenereta, na simu za watu zikabaki tochi. Ndipo Umoja, chama cha wasafirishaji wa njia ile, kiliponunua sahani ya setilaiti na kompyuta. Rais wa Umoja alikuwa Papa Gustave, mfanyabiashara aliyetoka Butembo miaka mingi nyuma, mtu wa tumbo kubwa na rozari ndefu, asiyefungua duka bila kupiga ishara ya msalaba na asiyelifunga bila kuhesabu makopo ya nyanya. Kompyuta moja iliwekwa Masisi chini ya mkono wa Wivine. Nyingine ilikwenda Walikale kwa Kasika, mwindaji aliyeokoka, ambaye aliandika kwa vidole viwili na kumaliza kila barua kwa mstari wa zaburi. Mashine kubwa ya kupokea na kutuma barua pepe, seva, iliwekwa Goma. Sahani ilipitisha barua peke yake; mambo mengine ya mtandao yalifungwa, maana Papa Gustave alijua kwamba yakifunguliwa vijana watahamia ofisini kuangalia mpira.

Madereva walifurahi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari kule Goma, mmoja wao alipita kwenye siber, duka la kompyuta za kukodi, karibu na maegesho na kufungua kisanduku chake cha barua, kile cha bure ambacho kila mtu anacho. Akikuta onyo kutoka Masisi, walishusha mizigo na kwenda kunywa chai. Asipokuta kitu, walitoka. Mashine ilikuwa mpya, lakini desturi ilikuwa ileile ya foni, na hakuna aliyefikiri kuigusa.

Fundi aliyeipanga kazi hiyo alikuwa Thierry, kijana wa Beni, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kueleza jambo zuri wakati watu wana njaa. Alipomaliza kufunga nyaya aliwaambia kuna kitu kimoja kimebaki. Seva, alisema, ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Huu wa kutokea nao unahitaji mlinzi. Kila anayetaka barua yake ibebwe, seva imuulize kwanza yeye ni nani, naye atoe jina na neno lake la siri. Bila hivyo, mtu yeyote duniani akiugundua mlango anaweza kuikabidhi seva takataka zake, nayo itazibeba na kuzigawa kwa jina la Umoja.

Papa Gustave alicheka mpaka rozari ikaruka. Aliuliza ni nani huko duniani anayejua kama Masisi ipo, sembuse aje kutafuta seva yao. Lakini aliyemaliza maneno alikuwa Wivine.

"Kaka Thierry, muntu anatoka kukimbia masasi," alisema. "Anafika hapa anatetemeka, hata jina ya mutoto wake anasahau. Na weye unataka akumbuke mot de passe?"

Hakuwa anajitungia. Alishaona mambo hayo kwa macho yake, na kila mtu mle ndani alishayaona. Thierry alijaribu kueleza kwamba neno la siri linaingizwa mara moja tu na kompyuta yenyewe inalikumbuka, kwamba mkimbizi hatahitaji kujua lolote, ataandikiwa tu na Wivine. Ila wakati huo chakula kilishafika, na Papa Gustave alishanawa mikono. Wakamwambia aache kama ilivyo. Thierry akaacha, akala nao, akapanda pikipiki kurudi Goma, kisha kwao Beni.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Maonyo yalitoka Masisi na Walikale, madereva wakasubiri, hatari ikapita, wakaja. Wivine alizoea kuambiwa asante na wake za madereva sokoni, na hasa na Constance, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mke wa Callixte. Callixte na Nestor walitembea pamoja daima, malori mawili, Callixte mbele kwa sababu alijua kila shimo la njia ile, Nestor nyuma yake. Constance alikuwa akimletea Wivine ndizi na kumwambia kwamba tangu mashine ije amerudi kulala usingizi wa binadamu.

Halafu kisanduku cha Umoja kikaanza kujaa uchafu. Zilikuwa barua za Kiingereza, nyingi kupita kiasi, zote za kurudishwa. Inaelekea mtu fulani wa mbali ameukuta ule mlango. Huyo hakuwahi kusikia Masisi na hakujali. Alichotafuta ni mlango usiouliza jina, na alipoupata akaanza kusukumia humo matangazo ya dawa za nguvu za kiume na bahati nasibu za uongo, usiku na mchana, kwa maelfu ya watu asiowajua. Zile zisizopata mwenyewe zilirudi kwa yule ambaye jina lake limeandikwa juu, yaani Umoja. Mwanamke mmoja wa Kanada aliandika kwa Kifaransa akiwatukana na kuwauliza kama hawana mama. Wivine alimwonyesha Papa Gustave, naye akapiga ishara ya msalaba na kurudi kwenye makopo yake.

Kasika naye aliandika kutoka Walikale. Alisema huko Bisie wachimbaji wametulia, njia ya msituni haina neno, lakini je, dada Wivine naye anapata matusi ya Kizungu? Wivine alimjibu afute tu. Naye kila asubuhi alifagia kisanduku chake kama mtu anavyofagia uwanja, anafuta rundo, linakuja rundo. Hakusoma. Angesoma nini, Kiingereza chenyewe hakijui.

Kitu ambacho hakukijua yeye, wala Kasika, wala Papa Gustave, ni kwamba makampuni makubwa ya barua huko duniani yalishachoka. Yameona takataka zinatoka kwenye seva moja ya Goma bila kukoma, yameiweka seva hiyo kwenye orodha ya wahalifu, na sasa kila kinachotoka huko kinarudishwa mlangoni, kiwe tangazo la dawa au kiwe kilio cha mtu. Na kwa kuwa siku zile njia ilikuwa tulivu, Umoja haukuwa na baya la kusema. Kwa hiyo haukutuma kitu, na hakuna aliyegundua kwamba hata ungetuma kisingefika. Kimya cha amani na kimya cha mashine iliyokataliwa vilikuwa vinafanana kabisa.

Asubuhi yenyewe Mama Adelaïde aliingia ofisini miguu imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa muuza jibini wa Bihambwe, mwanamke mkubwa asiyeogopa kirahisi, na siku hiyo kapu lake lilikuwa tupu. Alieleza kwamba watu wenye bunduki wameshuka usiku na kujipanga kwenye kona ya chini ya Bihambwe, pande zote mbili za njia, ndani ya majani. Wamemnyang'anya jibini yote, wakaila mbele yake, na mmoja akamwambia arudi kwao haraka kwa sababu wanangoja magari ya soko. Amezunguka kwa vijia vya ng'ombe mpaka Masisi. Wivine alimpa kiti na maji, akaketi kwenye kompyuta, mikono ikiwa mitulivu. Kazi hii aliijua.

Aliandika kwamba njia ya Bihambwe iko mubaya, batu ya bunduki iko kwa kona, musitoke Goma, muambiane. Akaituma kwa madereva wote. Mashine ikaonyesha kwamba imetumwa. Aliangalia saa akaona kwamba Nestor na Callixte wako bado wanapakia, akashusha pumzi. Akamkaangia Mama Adelaïde yai, na wawili hao wakaketi wanazungumza juu ya bei ya chumvi.

Aliporudi kwenye kompyuta alikuta uchafu wa Kiingereza umeingia tena. Akaanza kufuta bila kuangalia, na kidole chake kilishashuka mara kadhaa alipoona, chini ya maneno ya kigeni, maneno aliyoyafahamu. Njia ya Bihambwe iko mubaya. Alifungua inayofuata. Musitoke Goma. Alifungua nyingine na nyingine. Kila dereva aliyemwandikia, barua yake ilikuwa imerudi, na juu yake neno moja la Kiingereza ambalo hata yeye alilijua, spam, takataka. Onyo lake lilikuwa limetupwa pamoja na dawa za nguvu za kiume.

Alituma tena, akangoja akiwa amesimama, na barua zikarudi kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Akatuma kwa Nestor peke yake. Ikarudi. Sasa maneno ya Thierry yalimjia yote, moja moja, kwa sauti ileile ya upole, na Wivine akasikia aibu imempanda shingoni kama homa. Huko Goma Nestor angefungua kisanduku, angekuta hakuna kitu, na angewasha gari akiwa anapiga mluzi, kwa sababu dada yake yuko Masisi na dada yake hajasema neno.

Kilichobaki kilikuwa foni. Mashine ya parokia bado ilikuwepo, na antena yake bado ilisimama, ila betri yake Umoja uliiazima siku sahani ilipokuja, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Wivine alichomoa nyaya, kompyuta ikafa, akaibeba betri kifuani. Alikutana na Papa Gustave mlangoni. Alimweleza kwa maneno machache, na yule mzee, ambaye watu walimcheka kwa kutembea kama bata, alishika upande wa pili wa betri bila kuuliza swali, wakapanda kilima cha parokia wakijikwaa na kuhema, yeye akisali kwa Kinande, lugha ya kwao, na Wivine akihesabu kichwani mwendo wa lori kutoka Goma mpaka Sake. Goma haikuwa na foni tena. Sake ilikuwa nayo moja, kwenye kituo cha afya, karibu na kizuizi cha barabara. Kama angewakosa Sake, baada ya hapo hakuna mtu tena mpaka Bihambwe.

Katekista alifungua chumba. Vumbi lilikuwa limelala juu ya foni. Walifunga nyaya, taa ndogo ikawaka nyekundu, hafifu, na Wivine akaita Sake. Akaita tena. Zilipita pumzi nyingi kabla sauti haijajibu, sauti ya Généreuse, muuguzi wa pale, rafiki yake wa tangu kambi ya wakimbizi. Wivine alitaka kulia kwa furaha. Alisema haraka haraka kwamba njia imefungwa.

Kisha Généreuse akasema, polepole, kama mtu anayeongea na mgeni, kwamba hamjui anayeongea.

Alikuwa na sababu. Siku zisizo nyingi nyuma sauti ya mwanamke iliita kwenye foni hiyohiyo ikijifanya ni Masisi, ikasema njia ni mbaya, malori yalale Sake. Malori ya watu wasio wa Umoja yakalala, na usiku watu wakaja kuyapakua mpaka tairi. Dereva mmoja alipoteza jicho. Tangu hapo kamanda wa kizuizi aliapa kwamba atakayemletea tena maneno ya foni yasiyo na mwenyewe atamfunga. Na sauti ya Wivine, kwa betri ile iliyochoka, ilikuwa imekwaruza na kukatika, haikufanana na mtu yeyote.

"Miye njo Wivine," alisema. "Généreuse, unanijua."

"Hata ule mwengine alisema vile. Mutoto wangu wa kwanza tulimuzika wapi? Sema, na jina yake."

Wivine alifunga macho. Mtoto yule alikufa kambini kabla hajabatizwa, na baba yake hakuwa mume ambaye Généreuse anaye leo. Mume wa leo hakuwahi kuambiwa. Wanawake hao wawili walimzika wenyewe alfajiri moja na wakaapa kwamba jambo hilo limekwisha. Foni ni ya watu wote. Kila kituo chenye mashine wazi, kuanzia ziwani mpaka Walikale, kingesikia. Généreuse alilijua hilo vizuri kuliko yeyote, na bado amelichagua swali hilo, kwa sababu hakuna mwenye bunduki ambaye angeweza kulijibu.

"Bweremana," Wivine alisema. "Nyuma ya misioni, kwa muti ya avoka. Ulimuita Benita."

Katekista aliinamisha kichwa. Papa Gustave alijifanya kuangalia dirishani. Kule Sake Généreuse alivuta pumzi ndefu iliyosikika mpaka huku, na sauti iliporudi ilikuwa ya rafiki.

"Sema, dada. Nifanye nini?"

"Musimamishe Nestor," Wivine alisema. "Kimbia kwa barriere, musimamishe Nestor, asipite. Nestor, unasikia? Haraka."

Alisikia kipaza sauti cha upande wa pili kikiangushwa mezani, na viatu vikikimbia. Baada ya hapo kulikuwa na mlio wa hewa tu. Papa Gustave alianza rozari, Wivine akaitikia bila kujua anaitikia nini. Taa ya foni ilizidi kufifia. Alipiga moyo konde, akajiambia kwamba Sake si mbali na Goma, lakini lori lililojaa chumvi na watu halikimbii, na labda bado hawajafika. Akajiambia mengi. Mtu akiwa katika hali ile hujiambia chochote.

Généreuse alirudi akihema.

"Niko naye hapa, kwa mulango. Nestor iko muzima."

Wivine aliweka paji la uso juu ya meza, akalia kwa sauti, na Papa Gustave akampigapiga mgongoni akisema asante Bikira Maria. Ulipita muda wa furaha kabla Wivine hajainua kichwa na kuuliza kuhusu Callixte.

"Callixte anashapita," Généreuse alisema. "Alikuwa mbele yake. Barriere ilifunguka nikiwa nafika, akanipungia mukono."

"Na haukumusimamisha?"

"Dada, uliniambia Nestor."

Wivine alishikilia kipaza sauti kwa mikono miwili. Généreuse aliendelea kueleza kwamba alipita mbele ya lori la kwanza kwenda kutafuta la pili, akalipigia kelele la pili, na akaanza kumweleza Nestor, na Nestor alipoelewa aliruka chini na kumtuma mtu wa pikipiki amfuate Callixte. Callixte na mtu wa pikipiki wamepandisha mlima wote wawili. Wanangoja. Taa nyekundu ikazimika pale, na foni ikanyamaza.

Walichaji betri kwa jua lililokuwepo, yaani karibu hakuna. Ilipofika mchana ikawaka kidogo, ikatosha kusikia. Mtu wa pikipiki alikuwa amerudi. Aliliona lori kwa mbali likiingia kwenye kona, akapiga honi, akasikia risasi, akageuza. Baadaye wakulima waliotoka upande ule walisema lori linaungua njiani, na dereva hakushuka. Abiria wengine walikimbilia kwenye mashamba; wengine hapana.

Papa Gustave alikaa kwenye benchi la parokia na huzuni usoni, mzee ghafla. Alisema Thierry aitwe leo hii, mtu apelekwe Goma kwa miguu ikibidi, mlango ule ufungwe. Na kweli Thierry angekuja. Angeweka jina na neno la siri kwa kila kompyuta, kazi ya muda wa kunywa chai, na yule mtu wa mbali angejikuta amefungiwa nje, akaenda kutafuta seva nyingine ya wajinga. Angeyaandikia makampuni makubwa kwamba Umoja umejirekebisha, na baada ya siku kadhaa barua zingeanza kufika tena. Tena angewafundisha kutuma neno kila asubuhi, iwe heri au shari, ili kimya kisiwe tena ruhusa ya kupita. Yote hayo yalikuwa mepesi. Ndiyo maana Wivine hakuweza kuyasikiliza. Alisimama, akafunga kitenge vizuri, akasema anakwenda kwa Constance kabla maneno ya barabarani hayajamfikia.

Papa Gustave alitaka kwenda naye. Wivine alimkatalia.

Njia ya kushuka ilikuwa fupi mno. Alijaribu kupanga maneno na kila alipoyapanga yalianza na barua. Kwamba niliandika, kwamba mashine, kwamba Wazungu wameturudishia. Yote yalikuwa kweli, na hayakumfaa kitu. Alijua kwamba pale kwenye foni, hewani, mbele ya vituo vyote, alipewa nafasi ya kusema neno moja, na angeweza kusema magari, angeweza kusema wote, angeweza kusema njia. Moyo wake haukumpa muda wa kuchagua. Ulisema jina ulilokuwa nalo.

Constance alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. Alipomwona Wivine alitabasamu, akasogeza kigoda kwa mguu bila kuacha kutwanga, akaanza kuongea kama kawaida yake. Alisema habari ya Bihambwe ameisikia tangu asubuhi kwa Mama Adelaïde, na majirani wote walipiga mayowe, wakaja kumuuliza mbona yeye ametulia hivyo.

"Niliwaambia, miye sina woga," alisema. "Wivine ashaandika. Callixte atalala Goma, atakuja kesho ao kesho kutwa. Si uliandika?"

"Niliandika," Wivine alisema. Alikuwa bado amesimama. "Haikufika, Constance. Mashine ilikataa. Haikufikia hata muntu mumoja."

Mchi ulisimama hewani, kisha Constance akaushusha ndani ya kinu, taratibu, akaushikilia hapo. Alimtazama jirani yake usoni kwa muda mrefu, na Wivine aliona jinsi tumaini linavyotafuta pa kushika, linaruka hapa, linaruka pale.

"Na Nestor?" Constance aliuliza.

"Nestor iko Sake. Muzima. Nilimuita kwa foni."

Kuku alipita kati yao akidonoa majani ya sombe yaliyoanguka. Constance alimwangalia mpaka akapita.

"Ulimuita Nestor," alisema.